Jicho Moja la Bluu na Jingine la Mtu

Malindi, 17 Agosti 1988

Shikamoo Bi Jaha,

Nisamehe mwandiko huu unaopanda na kushuka, ninaandika kwa jicho moja, lile la pili nimelifunga kwa leso kwa sababu nikilifungua hata mwanga wa dirishani unanichoma kama limetiwa pilipili, na aliyelifikisha hapo ni mimi mwenyewe kwa mikono yangu miwili, kwa hivyo ukinicheka sitalalamika, ila ukimaliza kucheka tafadhali unisaidie.

Mimi ni Kioko, umri miaka thelathini na mmoja, kwetu Ukambani, lakini huu ni mwaka wa sita nahudumu mezani katika hoteli ya Wataliano hapa Malindi na nimepanga chumba mtaa wa Muyeye. Sura yangu ni ya kawaida tu, hakuna mtu aliyewahi kunitazama mara mbili isipokuwa nimemwagia supu. Sasa mwezi uliopita wasafishaji walikuwa wachache, nikapelekwa upande wa vyumba, na katika chumba cha bibi mmoja mgeni aliyekuwa ameondoka asubuhi hiyo nikakuta ndani ya ndoo ya taka kijisanduku chenye lenzi mbili za bluu, zile za kuvaa ndani ya jicho, na nilizijua mara moja kwa sababu bibi huyo wakati wa chai alikuwa na macho ya bluu na wakati wa chakula cha jioni ya kahawia. Mtu mwenye akili angemwaga ndoo. Mimi nilizisuuza kwa maji ya bomba, nikasimama mbele ya kioo nikihangaika karibu saa nzima huku machozi yakinitiririka, na zilipoingia nikajitazama nikasema, kumbe Kioko, miaka yote hii ulikuwa umepungukiwa na kitu hiki tu.

Basi siku hiyo hiyo akaja fundi wa cherehani kutupima sare mpya, msichana wa Kigiriama aitwaye Kadii. Akanizungushia utepe shingoni, akainua uso, utepe ukasimama.

"Kaka, macho haya umeyatoa wapi?"

Jibu la kweli lilikuwa neno moja, takani. Mimi nikasema, "Ni ya kuzaliwa. Tumerithi kwa nyanya yetu." Nyanya yangu, Bi Jaha, Mungu amrehemu, sidhani hata kama aliwahi kuvaa nguo ya bluu.

Kutoka hapo sikuweza kurudi nyuma. Kila nilipokwenda kumwona Kadii ilinibidi niende na macho ya nyanya, nikiyaweka chumbani katika vifuniko viwili vya soda vyenye maji ya chumvi, na njiani yakikauka nayatoa, nayalamba, nayarudisha, na mara mbili au tatu nimelala nayo kwa kuogopa kazi ya kuyavaa tena. Naye Kadii ni mtu wa kucheka kwa sauti mpaka watu wanageuka, na ananisikiliza nikieleza habari za wageni kama mimi ndiye mwenye hoteli, na nilianza kuwaza mambo ya posa. Kwa hivyo aliponiambia Jumapili twende kwao upande wa Kilifi nikaonane na mama yake, nilikubali kabla hajamaliza kusema, halafu ndipo akaongeza, "Na mjomba Kahindi atakuwepo, yule tabibu wa macho wa hospitali ya hapa Malindi."

Tabibu wa macho! Katika kazi zote za dunia hii!

Siku hiyo niliamka macho yakiwasha kama yana mchanga. Nikayavaa hivyo hivyo. Tulipofika, mama yake, Mama Kahonzi, alikuwa anamalizia kupika na moshi wote ukaja upande wangu, nikaketi nikijikaza, nikanawa mikono, sima ikaletwa na mchicha wa nazi, na wakati mjomba ananiuliza habari za safari jicho la kulia likanizidi nikalisugua. Nilipofumbua, lenzi ilikuwa juu ya sima yangu, imekaa kama gamba la samaki lililopakwa rangi.

Mama Kahonzi akaniinamia, akanitazama huku na huku.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mbona jicho moja ni la bluu na jingine la mtu?"

"Ni jua, mama."

"Jua?"

"Jua la njiani."

Mjomba Kahindi akasukuma sahani yake. "Hebu kijana, sogea hapa mwangani nikutazame."

Nilisema nimechelewa zamu ya hotelini. Nikaiokota lenzi, nikatoka. Nilikuwa nimefika barabarani ndipo nikagundua kwamba viatu vyangu viko mlangoni kwao, na sikurudi.

Leo ni siku ya nne na lenzi ya kushoto haijatoka. Nimeivuta kwa kucha, imekataa. Jicho ni jekundu kama nyanya mbivu, nikifumba hili zima naiona taa imezungukwa na ukungu. Nimehudumu mezani na miwani ya jua mpaka msimamizi akaniuliza kama mimi pia nimekuja likizo. Kamande, mpishi wetu, ameniambia lenzi ikizunguka nyuma ya jicho inapanda kwenye ubongo, akanishauri nitie maji ya dafu, na nimetia. Hospitali najua iliko, lakini mlango wa macho ndani yake ameketi mjomba Kahindi. Jana Kadii ameniletea viatu vyangu kwa mlinzi wa geti, vimepigwa rangi vinang'aa, lakini bila barua, bila salamu, na sijui hiyo ni kwaheri au ni nini.

Niambie, Bi Jaha, kitu hiki kinatokaje? Kweli kinaingia ubongoni? Na nikikitoa, kinatunzwaje ili kisiniumize tena, maana bado nafikiri kama ningevaa zote mbili siku moja tu nikamwonyesha Kadii kwamba... lakini hata mimi nikiandika hivi naona ninavyozidi kuwa mjinga. Jina langu lichapishe ukitaka. Aibu yangu imeshafika Kilifi kwa miguu.

Wako,
Kioko

BI JAHA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimecheka, kwa kuwa umeniruhusu, lakini nilipofika kwenye taa na ukungu wake kicheko kilikatika. Umeandika juu ya karatasi ya hoteli yenye namba ya simu, nami sikungoja zamu ya gazeti. Wasomaji wangu, siku ile ile barua iliponifikia nilimpigia Kioko nikamwambia maneno haya: acha barua, vaa viatu, nenda hospitali sasa hivi. Akaanza, "Lakini Bi Jaha, mjomba..." Nikamwambia mjomba ataona jicho, na wewe ukibaki nyumbani kuficha uso huenda usione tena mjomba wala mpwa wake.

Ulikwenda, nakushukuru. Juzi umenipigia kunieleza kwamba Bwana Kahindi hakukuuliza lolote, alisema tu, "Tazama juu, usipepese," akatia dawa ya matone, akaitoa lenzi, akakuta kidonda kwenye kioo cha jicho. Kidonda, Kioko! Kwa kucha zako na maji ya dafu. Amesema ungechelewa siku mbili tatu zaidi jicho lingebaki na doa la kudumu. Basi hiyo dawa aliyokupa tia kwa saa alizokupangia, hata jicho likipoa, mpaka yeye mwenyewe aseme basi.

Sasa maswali yako, na wengine wasikilize, maana barua yako si ya kwanza kunifikia mwaka huu. Lenzi haiwezi kwenda ubongoni. Kuna ngozi laini inayounganisha kope na jicho, hapo njia imefungwa, lenzi hujificha chini ya kope tu. Mwambie Kamande arudi kwenye sufuria zake. Kuitoa, jicho likiwa zima: nawa mikono kwa sabuni, suuza, kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Tazama juu, vuta kope la chini kwa kidole, isogeze lenzi taratibu mpaka kwenye weupe wa jicho, kisha ibane kwa nyama ya vidole viwili. Nyama, si kucha! Ikigoma, tia matone ya maji maalumu ya lenzi, pepesa, ngoja dakika kadhaa, jaribu tena. Ikigoma bado, au jicho likiwa jekundu, linauma, linaogopa mwanga, acha kuvuta, nenda kwa tabibu.

Nilimuuliza daktari wa macho hapa Mombasa kuhusu utunzaji. Alishika kichwa nilipomtajia vifuniko vya soda. Lenzi hukaa katika kikopo chake, ya kulia mbali na ya kushoto, ndani ya dawa inayouzwa kwa kazi hiyo, na dawa hiyo humwagwa na kutiwa mpya kila siku. Maji ya bomba, maji ya chumvi ya jikoni, mate, vyote vina wadudu wasioonekana, na wadudu hao hupenda jicho. Usilale nazo, usiogelee nazo. Na kabla ya yote, upimwe, upewe zako, kwa kipimo cha jicho lako. Ulizovaa wewe, mwanangu, ni uchafu wa macho ya mtu mwingine uliouokota kwenye ndoo. Hizo mbili zirudishe zilikotoka leo hii.

Bado Kadii. Mtu anayekuaga havipigi rangi viatu vyako, anavitupa tu. Lakini viatu si jibu, na mimi si mganga wa kusoma moyo wa mtu. Utamsikia mwenyewe. Na usijidanganye kwamba alipenda rangi. Msichana anayekusikiliza wiki tatu ukisimulia nani amerudisha sahani na nani ameomba chumvi, huyo amependa kitu kingine, nawe umemnyima nafasi ya kukichagua kwa uwazi. Hilo ndilo kosa lako kwake.

Kwa hivyo tabibu akikuruhusu kusafiri, nenda Kilifi mchana, na jicho hilo hilo jekundu. Usimtume mtu, usiandike barua, usibuni jua jingine. Msalimu Mama Kahonzi, mshukuru mjomba kwa mkono wake, kisha sema mbele yao wote, "Nilidanganya, macho hayakuwa yangu." Sema hivyo tu, bila kueleza wala kujitetea. Halafu keti hapo, unyamaze, uwaache wacheke mpaka wamalize.