Kache na Mvinyo wa Mfaransa

Kwako mlamu wangu Tsuma, huko Rabai,

Pokea salamu, wewe na wote wa nyumbani. Goti lako laonaje? Hapa Mtondia twapumua, na mimi bado ndiye mzee mzuri kuliko wote, niulize mwenyewe. Nakuandikia kwa mwandiko wangu wa ngumbaru kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Salamu hazijaisha ushaanza kwamba waja kumchukua dada yako Kache, ati siwezi kumtunza mke aliyepotewa na kumbukumbu. Leo utanisikiliza, wewe uliyekula mbuzi wangu wa mahari ukanona.

Mjukuu wetu Caroline amepandishwa kazi. Alikuwa akiosha vyombo, sasa ni mpishi kwa Mfaransa mmoja mwenye mkahawa kule Watamu. Jumapili akatualika tukale, tumfurahie. Nilivaa koti, wahudumu wakadhani balozi ameingia. Lakini roho ilikuwa juu, maana nilisikia wale watu wala konokono. Kumbe ni supu ya samaki, mlamu, na bata aliyelainika hata kwa hizi fizi zangu. Kache, ambaye nyumbani namlisha kwa kumbembeleza, alifuta sahani kwa mkate.

Kisha mhudumu akaja na mvinyo, akanimiminia kidogo tu, akasimama. Caroline akaniambia ndiyo desturi yao, nionje kwanza niseme kama nimeukubali. Kabla sijainua mkono, Kache akaichukua gilasi. Akaniangalia, akainamisha uso, akaonja, akasema linywewe. Si mvinyo ule, mlamu. Tembo. Tembo la mnazi, la posa, ambalo wazee wetu hawaligusi mpaka msichana alionje mwenyewe aseme hivyo. Na sauti ilikuwa ile ile aliyosema nayo mbele ya baba yenu.

Caroline alilia. Wazungu wa meza ya pili wakapiga makofi bila kujua wapigia nini. Mimi nikajisifu mkahawa mzima kwamba nimemposa mke mmoja mara mbili na sijakataliwa bado.

Sasa nikwambie lililobaki. Tulipofika nyumbani Kache alikataa kuingia. Akanieleza kwa heshima kwamba amenikubali, ila mwana wa watu hawezi kulala kwa mchumba kabla hajatolewa kwao. Nikamwambia mimi ni Randu, mumewe. Akacheka, akasema nina haraka kama vijana wote. Tangu hapo analala kwa jirani yetu Mama Dena, na kukicha aketi barazani kwake na kifurushi cha nguo, amngoja kaka yake Tsuma amrudishe Rabai. Nikimpelekea uji hupokea kwa mikono miwili, uso kando. Nimemfanyia mizaha yangu yote. Acheka, lakini haji.

Kwenye simu nilikuwa nikikwambia ananijua. Hanijui, mlamu, tangu masika. Siku ile kwa Mfaransa ndiyo nilidhani amenirudia.

Basi njoo umchukue. Usimwambie ameshaolewa, utamtisha. Nami nitakuja nyuma yenu na kibuyu cha tembo, nipige hodi kama mgeni. Siku hiyo usinitanie, maana nitalia mbele ya watu. Nikaribishe tu, kisha umwite, umuulize kama linywewe.

Nisalimie shemeji na watoto, na goti ulikande mafuta ya nazi.

Ni mimi mlamu wako,
Randu, mchumba wa Kache