Vigae vya Mkonge

Igogo, Mwanza

Kaka Nestory,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa. Sisi ni wazima, isipokuwa Mama, ambaye hujamuulizia. Naandika kwa sababu umezuia namba yangu. Barua hii nampa Luhaga anayekuja huko Geita.

Ulipong'oa mabati ya Mama ukaezeka vigae vyako vya saruji na mkonge, ulisema nyumba itakuwa na ubaridi na wateja watakuja kuiona. Walikuja kweli. Mvua za kwanza tu, vigae vikaanza kunywa maji. Ukutani kukaota ukungu. Nilipokupigia ulinijibu kwamba wanawake wa Igogo hulalamikia hata baraka, na kwamba vitakauka. Fundi wako mwenyewe, Ngosha, alikusihi uviache vikomae kwanza majini, na uvipake dawa ya kuzuia maji. Ukamfukuza.

Mwezi uliopita, mvua kubwa ilitoka ziwani, vigae vilivyolowa vikakatika na kumwangukia Mama kitandani. Mkono ulivunjika. Nilivunja kimoja nikaona nyuzi za mkonge zimeoza, ukizibonyeza zinapukutika. Majirani Mama aliwaambia ameteleza kisimani. Alikuwa analinda jina lako.

Sasa nasikia unamtukana Ngosha kila mahali, kwamba amekuchongea kanisani ukanyimwa kazi ya kuezeka chekechea. Umemwita mchawi mbele ya wanawe.

Ngosha hana habari. Aliyekwenda kwenye kikao cha wazee wa kanisa ni Mama.

Aliposikia watoto watalala mchana chini ya vigae vile, alinitaka nimsindikize. Alikaa mbele yao, mkono kwenye bandeji, akapakata kigae kilichobaki. Akamwomba mzee mmoja akimiminie maji. Tukasubiri. Maji yakapenya, kitenge chake kikalowa. Akasema, "Hiki kimetengenezwa na mwanangu. Msikiweke juu ya mtoto wa mtu." Kisha akalia, na sijawahi kumwona Mama akilia mbele za watu.

Nilitaka uendelee kumchukia Ngosha hadi uaibike hadharani. Mama ndiye aliyesema ujue ukweli.

Wasalimie shemeji na watoto. Hao sina ugomvi nao. Nimemuuliza Mama kama ana salamu za kukutumia, akasema anakuombea kila asubuhi.

Mimi sikuombei.

Mdogo wako,
Sabina