Mtamba kwa Chupa Mbili za Damu

Jumatatu, 4 Februari 2013

Machage katumbukia kwenye duara la wachimba dhahabu. Mwanangu wa miaka saba! Alikuwa anarudisha mbuzi, majani yamefunika mdomo wa shimo, hakuona kitu. Mfupa wa paja umevunjika ukatokeza nje. Nimeuona mfupa wa mwanangu kwa macho yangu haya.

Na duara lenyewe la nani? La Luhaga na wenzake! Walichimba, dhahabu ikakata, wakahamia mlimani, shimo wakaliacha wazi. Kama vile huku Busawe wanaishi panya tu. Nimemtukana njia nzima, na hayupo hata wa kunisikia.

Mwenye duka katupakia kwenye pikapu yake. Kila shimo la barabara mtoto anapiga ukunga. Sasa tuko wodini. Nimechoka.

Jumanne, 5 Februari

Wamesafisha kidonda. Operesheni ni Alhamisi saa nane mchana, watamwekea chuma. Daktari anasema tusingoje zaidi ya hapo, mguu utaoza, halafu wataukata.

Karani wa dirishani, kijana mgeni, kaniuliza baba wa mtoto nani. Nikamwambia Wegesa. Akaandika. Yuko wapi aje asaini? Nikamwonyesha bibi kizee mwenye fimbo, pale kwenye benchi. Akacheka!

Cheka tu. Mama Wegesa alizaa mabinti watano, mtoto wa kiume hakupata, mumewe akafa. Akanitolea ng'ombe kumi, akanioa mimi nimzalie mrithi wa boma. Nyumba ntobhu, sisi Wakurya tunaijua. Machage ni wake, hata jina ni la marehemu mumewe. Aliyenipa mimba ni Luhaga, mchimbaji wa kutoka Geita, na hana chake hapo. Haya yote nisimame niyaeleze dirishani, foleni nzima imetega masikio, mwanangu analia kule ndani?

Mama Wegesa akaweka dole gumba. Akamwambia karani, baba ni yule aliyetoa ng'ombe. Kijana akagonga muhuri.

Jumatano, 6 Februari

Damu! Sasa ni damu! Machage imempungua, hawampasui mpaka chupa mbili ndogo za kitoto ziwe pembeni. Kundi lake ni O hasi, la shida sana. Yangu haifai. Za kaka zangu wawili hazifai. Wamepiga simu huku na huku — hakuna.

Mimi najua nani anayo. Luhaga. Aliwahi kunionyesha kadi yake, alipomtolea damu mwenzake aliyefukiwa na kifusi. Alivyojivuna siku ile!

Nikamwambia Mama Wegesa. Lo! Alivyonitazama. Anasema damu ya mwanamume yule ikiingia kwa mtoto wake, kesho atakuja na ukoo wake kumdai. Afadhali asubiri ya mtu mwingine. Nikamuuliza, na mtoto akifa boma utamwachia nani, hiyo fimbo? Miaka minane sijawahi kumjibu. Leo nimemjibu, tena mbele ya watu, na sijuti.

Akainuka akaondoka.

Nimempigia Luhaga mwenyewe. Kwanza nikamtukana kwa lile shimo. Kisha nikamwomba. Akasema anakuja.

Alhamisi, 7 Februari

Saa tatu. Luhaga kafika, vumbi la machimbo mpaka kwenye nyusi. Wamempima. Inafaa! Akaniuliza kama anaweza kumwona mtoto. Nikamwambia toa damu kwanza. Akakunja mkono wa shati, akaketi kungoja zamu yake.

Saa nne. Kelele getini. Mlinzi anapiga filimbi, eti ng'ombe haruhusiwi. Mama Wegesa huyo — na mtamba! Yule mweusi, yule aliyekataa kumuuza hata mwaka wa njaa. Kamshusha kwenye pikapu, anamvuta mwenyewe.

Luhaga akamwamkia shikamoo. Marahaba. Bibi akawaita kaka zangu wasimame wawe mashahidi, akamnyooshea Luhaga kamba ya mtamba. Anasema, pokea, damu yako naitolea ng'ombe, ikishatoka mwilini mwako ni ya boma langu. Ukikataa, rudi kwenye mashimo yako.

Bibi kakubali! Nilitaka kumkumbatia, na hasira zangu zote. Kumbe usiku kucha hakulala, alikuwa anatafuta njia.

Na yule mjinga hakuishika kamba! Anasema yeye hauzi damu ya mwanawe.

Mwanawe! Miaka saba nimelingoja neno hilo. Machage aliposhikwa na degedege hakulisema. Alipoanza shule bila viatu hakulisema. Amelihifadhi mpaka leo! Na ndilo hasa neno ambalo bibi alikuwa analiogopa.

Saa tano na nusu. Muuguzi katoka mara mbili kuuliza damu. Mama Wegesa kakaa kizingitini pa chumba cha kutolea damu, fimbo magotini, hapiti mtu. Luhaga kasimama ukutani, shati bado kalikunja. Mtamba anakula maua ya hospitali. Kamba iko chini, hakuna anayeitazama.

Machage kamwona kupitia mlango wa wodi, kaniuliza yule mjomba mwenye vumbi ni nani. Nikamwambia atulie.

Saa sita. Nimeokota kamba. Naandika kwa mkono mmoja, huku ng'ombe ananivuta. Baba wawili, na hakuna hata mmoja anayesikia mtoto anavyolia! Naenda kumfunga Luhaga kamba hii kwenye mkono huo huo aliokunja shati, bibi aone ng'ombe kapokelewa apishe mlango, na akiivua nitamfunga tena mpaka chupa zijae.