Mwambieni Mwanangu Asilie

Machame, 14 Agosti 1994

Kaka Anaeli,

Huku ni manyunyu tu, na ng'ombe amezaa dume tena. Mama afya anayo.

Jumanne mchungaji alituletea mgeni, mama wa Kijerumani anayekusanya vitabu na barua za vita vya kwanza vya dunia. Mimi mwenyewe nikaitoa sandukuni ile barua ya babu, aliyoileta tarishi baada ya Wajerumani kumchukua vitani. Unajua Mama anavyoijua kwa moyo: "Ni mzima, tunashinda. Mwambieni mwanangu asilie, narudi." Mwana huyo ni yeye, alikuwa na miaka mitatu. Babu hakurudi, na Mama hakulia. Hata tulipomzika Baba hakutoa chozi, watu wakamsema.

Mgeni akatoa mkobani barua nyingine, ya nyumba moja ya Marangu. Maneno yale yale, kaka, mpaka nukta. Kumbe serikali yao ilizipiga chapa nyingi ili watu waendelee kutoa wanaume, ikaacha nafasi ya jina tu. Sisi miaka yote tulidhani ni karani tu aliyeyapiga chapa maneno ya babu.

Kabla sijamzuia, mchungaji alishamtafsiria Mama maneno ya mgeni. Mama akauliza, "Na huyo mtoto wa Marangu, naye hakulia?"

Tangu siku hiyo analia kama mtoto mdogo. Njoo, kaka. Mimi siwezi kumwambia asilie.

Dada yako,
Eliaichi