Jiwe la Kichwani pa Zuena

Dodoma,
14 Agosti 2004

Kwa dada yangu mpenzi Zuhra,

Assalaam alaykum. Habari za hapo Kilimarondo? Mimi mzima wa afya, ila moyoni sina raha. Barua yako ya kunijulisha kwamba shemeji Uwesu amezidiwa nimeipata. Namwombea dua kila sala.

Uliniuliza kazi yetu ya mawe ina faida gani. Tunasaga jiwe likawa unga, tunachambua punje ndogo mno za zirkoni. Ndani yake urani hugeuka madini ya risasi polepole sana, basi ukipima vyote viwili unajua jiwe liliganda lini, baada ya miamba ya chini kabisa kuyeyuka. Lile la kilima chenu lilitoa miaka milioni mia sita. Wakubwa walifurahi, wakanipandisha cheo. Nami nikakuandikia najisifu, mjinga mimi!

Dada, lile jiwe sikulitoa kilimani. Mwaka 1998 nilitumwa peke yangu, nikaambiwa tembo wako huko juu, nikaogopa. Nyinyi mlikuwa Ruangwa mkimuuguza mama. Nikakumbuka shemeji alibeba jiwe kutoka kilima kile kile, akaliweka kichwani pa kaburi la mwanenu Zuena. Nikajiambia mwamba ni mmoja, nitarudisha jingine. Nikaling'oa, likaenda kusagwa. Mungu anisamehe.

Nilirudi na jingine mwezi wa kumi, kabla hamjarejea. Kumbe moto ulishapita makaburini, vijiti vya alama vimeungua, vituta vya watoto vyote vinafanana. Nikakisia tu, nikaliweka, nikaondoka mbio. Miaka sita unapalilia pale, unasoma Yasini pale, nami nikija likizo naitikia amina. Hata haya sina.

Sasa unasema shemeji ameusia alazwe ubavuni mwa mwanawe, na mwanao Kaimu ameshaweka alama pa kuchimba. Tafadhali mwambie asiguse. Pale sijui ni kwa mtoto wa nani.

Nimeomba ruhusa kazini, Jumatano napanda basi la kuja Nachingwea. Nataka nimwambie shemeji mwenyewe angali anasikia. Ukinifungia mlango nitakaa uani, sina neno. Lakini usiniulize Zuena amelala wapi, dada yangu. Ningejua ningekuwa nimeshakwambia.

Wasalimie wote watakaokubali salamu zangu.

Ni mimi mdogo wako, mkosaji,
Isihaka