Kibaridi Kwenye Mshipa

Machi 3

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Tumbo linaendeleaje? Sisi huku wazima. Kaka kaniambia vidonda vilikutoa damu nyingi hadi ukaongezewa nyingine. Nashukuru umerudi nyumbani. Unajua kazi yetu hapa maabara: tunawafuatilia wachangiaji damu na wanaoongezewa, tujue nani kadhurika na kwa nini. Basi nijibu kama mgonjwa, si kama mama anayemficha mtoto: damu ilipoanza kuingia, ulijisikiaje?

Mwanao, Kitindamimba

Machi 19

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Mimi mzima wa kujikongoja. Mguu mmoja jikoni, mwingine kitandani.

Mwanangu, nilikuwa kama naelea. Dari liligeuka maji, nikahisi mtu nisiyemjua anapita polepole ndani ya mkono wangu, kama mgeni anayeogopa kuamsha watoto. Nikampenda. Kisha kikaja kibaridi, meno yakagongana, kiuno kikauma. Nesi alikuwa na wagonjwa chungu nzima, nikaona haya kumsumbua. Nikajifunika shuka, kikapita. Mwezi ujao naongezewa tena. Usijitie presha.

Mama yako

Machi 24

Mama,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi, niwie radhi. Hicho kibaridi ndicho tunachokichunguza. Wengi waliodhurika walikisikia mapema, wakanyamaza kwa haya kama zako. Waeleze kabla hawajakuwekea mfuko wa pili, wapime upya. Na ukisikia baridi, kiuno kuuma au kifua kubana, piga kelele. Mrija ukifungwa mapema, mtu huokoka. Mama, umetulea kwa kelele. Haya umezitoa wapi?

Kitindamimba

Aprili 20

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Kaka naye hapokei simu. Niandikie hata neno moja.

Mwanao

Mei 2

Mwanangu,

Marahaba, bado nipo. Simu ya kaka yako ilizama kwenye ndoo, na mimi nilikuwa wodini.

Niliwaeleza. Wakapima, wakakuta mwili wangu sasa unazikataa damu za baadhi ya watu. Wakahangaika hadi wakapata ya kunifaa. Ikaingia taratibu, nikaelea tena, safari hii bila baridi.

Kitanda cha pili alilala binti aliyetoka kujifungua, naye kawekewa mfuko. Nikiwa kati ya ndoto na macho, nikasikia chuma cha kitanda chake kinalia kwa alivyokuwa akitetemeka.

“Unasikia baridi, mwanangu?”

“Kidogo tu, mama. Itapita.”

“Na kiuno?”

Akajishika kiuno. Machozi yalimtiririka.

Nikapiga yowe, wodi nzima ikaamka. Nesi akaja mbio, akafunga mrija, akausoma mfuko, uso ukamsawijika. Ulikuwa wa mgonjwa mwingine mwenye jina kama la binti yule. Akamwita daktari kwa sauti iliyokatika.

Siku mbili binti alikuwa mahututi. Nilimshika mkono, nikawa namsimulia chochote kilichonijia kichwani. Jana akafumbua macho.

“Nilidhani nikisema wataniona nadeka,” akaniambia.

“Hata mimi nilidhani hivyo.”

Asubuhi hii wamemletea mwanawe. Yaandike hayo kwenye utafiti wenu kwa maneno yenu ya kisomi. Mimi nakuandikia tu kwamba mtoto ananyonya kwa pupa, dirisha liko wazi, na mwanga umejaa chumba kizima kama maziwa.

Mama yako