Ulijua Kilichomuua Baba Yako

Baba Kendi,

Nakuandikia nikiwa kwetu Siakago, huku Mbeere, maana kule kwenu Kiirua sina kwangu tena.

Unakumbuka asubuhi ulipokuwa ukikamua ng'ombe na vidole vikakataa kufumba? Ulicheka, ukasema ni baridi ya mlima. Nikakamua mimi. Baadaye nikawa nakufunga vifungo vya shati, halafu nakulisha, halafu nakugeuza kitandani. Ulimi ulipokuwa mzito, watu sokoni walisema umelewa, wewe ambaye hukuwahi kuonja pombe. Sijui kama nimewahi kukupenda kuliko siku zile.

Mama yako akasema ni mimi. "Huyu mwanamke wa Mbeere amekulisha kitu." Alisema mbele yako. Ulikuwa bado unaweza kuongea, ijapokuwa kwa shida. Ukatazama ukuta. Tulipokuzika, nguo zangu zilitupwa nje, nikaondoka na Kendi.

Mwaka huu mdogo wako Mutwiri alianza kuangusha vikombe. Daktari wa Meru alimpima damu, na majibu yalipotoka Mutwiri akanipigia simu.

"Shemeji, ni jeni. Iko na kasoro. Inajaza protini mbovu ndani ya neva za kuendesha misuli, zinakufa pole pole. Mtu anazaliwa nayo. Mzee wetu alikufa hivyo hivyo. Mimi nilikuwa mtoto, lakini kaka ndiye alimuuguza. Mama alitukataza kusema, eti tutakosa wa kuoa."

Kumbe mikono ya baba yako ulikuwa umeiona. Ningekukubali hivyo hivyo, Baba Kendi, nikijua. Lakini hukuniachia nichague, na ukaniacha niitwe mchawi kwa kitu kilichokuwa katika damu yenu.

Daktari anasema mtoto wa mwenye jeni hiyo anaweza kuirithi au kuikosa, nusu kwa nusu. Juzi tukichambua ndengu nilimweleza Kendi. Akauliza, "Baba alijua?"

Nilitaka kukusitiri. Nikashindwa. "Alijua."

Aliweka ungo chini, akampigia mchumba wake nikiwa hapo hapo. "Kabla hujaleta wazee wako," akamwambia, "kuna jambo la kwetu lazima ulijue." Akamwambia lote, bila kuficha kitu.

Mchumba bado hajajibu. Wewe pumzika.

Mimi mkeo,
Mama Kendi